Lugha ya Mapokezi: Historia Fupi ya Istilahi za Dharura na Maradhi ya Mlipuko

UTANGULIZI

Maradhi ya mlipuko yanapoingia katika nchi, mahali pa kwanza panapojaribiwa ni mlango wa hospitali. Kabla maabara haijatoa jibu, na kabla serikali haijatangaza lolote, mgonjwa wa kwanza amekwisha kuketi kwenye benchi la mapokezi huku amezungukwa na ndugu zake. Mbele yake yuko karani au muuguzi anayemwuliza, "Unasumbuliwa na nini?" Swali hilo na jibu lake ndiyo yanayoamua kama mgonjwa atapelekwa katika chumba cha peke yake au ataachwa katika msongamano wa watu.

Utayari wa idara za dharura kwa kawaida hupimwa kwa vitanda, mitungi ya oksijeni, glavu, barakoa, na idadi ya madaktari na wauguzi. Vipimo hivyo ni sahihi, wala hatuna nia ya kuvipunguzia uzito. Hata hivyo, kipo kipimo kingine ambacho ni nadra kuandikwa katika orodha za vifaa, nacho ni lugha. Mlinzi wa getini, karani, muuguzi, daktari, mgonjwa na ndugu wa mgonjwa wasipoyaelewa maneno machache ya lazima kwa maana moja, vifaa vyote hivyo huchelewa kufanya kazi.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa kufuata historia, kwamba istilahi za maradhi ya mlipuko zimezoea kutufikia baada ya mazishi. Aidha, tutapendekeza kwamba baadhi yake zitayarishwe mapema, wakati wa afya.

JINA LA MAHALI

Tuanze na jina la mahali penyewe. Neno dharura limetoka katika Kiarabu, ambako lina maana ya ulazima au shida isiyokwepeka. Katika Kiswahili cha siku nyingi mtu aliyesema "nimepata dharura" alikuwa anaeleza jambo lililomzuia kufika mahali alipotazamiwa. Matumizi ya neno hilo kwa tiba ya mgonjwa aliye hatarini ni upanuzi wa maana uliofanyika baadaye.

Wananchi wengi, lakini, hawasemi kwamba mgonjwa wao amepelekwa katika idara ya dharura. Husema amepelekwa mapokezi. Neno hili lina heshima yake, kwani katika desturi zetu kumpokea mtu ni kumtua mzigo na kumkaribisha ndani. Lakini ndani ya neno hilo hilo mna tatizo: katika mapokezi kila mtu ni mgeni, na wageni hukaribishwa wote kwa mlango mmoja. Kwa miaka mingi ndivyo hospitali zetu nyingi zilivyofanya kazi. Aliyevunjika mguu, mwenye homa, mtoto anayeharisha na mzee mwenye kikohozi walingoja katika ukumbi mmoja.

Mabadiliko makubwa nchini Tanzania yalianza mwaka 2010, pale Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipofungua idara kamili ya tiba ya dharura, ya kwanza ya namna yake nchini. Katika mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilianza kuwafunza madaktari bingwa wa fani hiyo. Mwaka 2021 serikali ilitangaza mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ilijenga majengo ya huduma za dharura katika hospitali mbalimbali. Majengo hayo huitwa idara ya dharura, jengo la wagonjwa wa dharura, au kwa kifupisho cha Kiingereza, EMD. Kwa hiyo nyumba zimejengwa, lakini jina lake halijakaa mahali pamoja, na maneno yanayotumika ndani yake ndiyo hasa yaliyobaki nyuma.

MAJINA YALIYOTOKA VINYWANI MWA WAGONJWA

Watu wa mwambao na wa bara hawakuwa bila maneno kabla ya hospitali za kisasa. Kipindupindu kilipoishambulia Unguja katika miaka ya 1869 na 1870, jina lake lilikuwa tayari vinywani mwa watu. Neno hilo lina mzizi ule ule wa pinda na pindua, na mtu aliyewahi kumwona mgonjwa wa kipindupindu akikunjwa na misuli hahitaji kuelezwa jina limetoka wapi. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja katika miaka hiyo, aliandika kitabu juu ya milipuko ya kipindupindu katika Afrika ya Mashariki kilichochapishwa mwaka 1876. Ni yeye pia aliyeandika habari za homa ya viungo ambayo watu wa Unguja waliiita kidingapopo, na baadhi ya wataalamu wamelihusisha jina hilo na neno dengue linalotumika leo duniani kote.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa uwanda wa Makonde. Katika miaka ya 1952 na 1953 homa kali yenye maumivu ya viungo iliwashika watu wengi katika sehemu za Newala. Wagonjwa walitembea wameinama kwa maumivu, nao wakaiita homa hiyo kwa neno la Kimakonde lenye maana ya kukunjika. Wataalamu walioichunguza hawakubuni jina la Kilatini, bali waliliandika neno la wagonjwa kama walivyolisikia. Tangu hapo chikungunya imekuwa istilahi ya tiba katika kila lugha ya dunia.

Mifano hii inafundisha jambo moja. Taarifa ya kwanza ya mlipuko hutolewa na mgonjwa kwa maneno yake mwenyewe. Muuguzi aliye mlangoni akilidharau neno la mgonjwa kwa kuwa si la kitabuni, amepoteza taarifa. Vile vile, kama hospitali haina njia ya kuyaunganisha maneno ya wagonjwa wa vijiji mbalimbali na jina moja la ugonjwa, wagonjwa 10 wa ugonjwa mmoja wataandikwa katika daftari kama wagonjwa wa maradhi 10.

Mwaka 2022 ugonjwa ulizuka katika Mkoa wa Lindi, na kwa siku kadhaa ulitajwa katika habari kuwa ni ugonjwa usiojulikana. Baada ya uchunguzi, Wizara ya Afya iliutangaza kwa jina la Homa ya Mgunda. Jina la ugonjwa lilipopatikana, maelezo ya namna ya kujikinga yaliweza kutolewa kwa sentensi fupi. Kabla yake, hofu ndiyo iliyotangulia kusema.

MLANGO ULIPOKUWA WAZI

Sasa tuutazame mlango wenyewe. Historia ya miaka 50 iliyopita ina visa vitatu vinavyoonyesha, kila kimoja kwa namna yake, kile kinachoweza kutokea hapo.

Kisa cha kwanza ni cha Merca, bandari ya Somalia iliyo jirani na Barawa, mji wa wasemaji wa Chimwini. Mnamo Oktoba 1977 gari lililobeba wagonjwa wawili wa ndui lilifika hospitalini hapo na waliokuwamo wakauliza njia. Mpishi wa hospitali, Ali Maow Maalin, alipanda garini kuwaelekeza, safari ya dakika chache tu. Siku kadhaa baadaye alipata homa, naye akatibiwa malaria. Vipele vilipotokea, ikadhaniwa kwamba ni tetekuwanga. Ndui yake ilipotambuliwa, kazi kubwa ilifanyika ya kuwatafuta wote waliokutana naye, na watu zaidi ya 50,000 wakachanjwa. Alipona, naye ndiye aliyekuwa mgonjwa wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida ya maambukizi. Tarehe 8 Mei 1980 ulimwengu ulitangaziwa kwamba ndui imetokomezwa. Maalin mwenyewe alikuja kufanya kazi ya kampeni ya chanjo ya polio katika nchi yake, na alifariki mwaka 2013 kwa malaria.

Tunajifunza nini hapo? Maalin alikuwa mpishi. Hakuwa daktari wala muuguzi. Maelekezo ya mlangoni yakiandikwa kwa lugha ya wataalamu peke yao, mpishi, dereva, mfagiaji na mlinzi hubaki nje ya kinga.

Kisa cha pili ni cha Toronto, nchini Kanada, mwaka 2003, wakati ugonjwa wa SARS ulipokuwa haujapata hata jina. Mtu mmoja ambaye mama yake alikuwa amerudi kutoka Hong Kong na kufariki aliingia katika idara ya dharura akiwa na homa na kikohozi. Alikaa humo usiku mzima akingojea kitanda cha wodini, akitenganishwa na wenziwe kwa pazia tu. Wagonjwa wawili waliokuwa karibu naye wakaambukizwa, na maambukizi yakaendelea. Kabla mlipuko haujazimwa, watu 44 walikuwa wamekufa nchini humo. Hospitali za huko hazikuwa na uhaba wa vifaa kama wetu. Lililokosekana ni swali kuhusu safari na msiba katika nyumba ya mgonjwa, swali ambalo linaweza kuulizwa hata mahali pasipo na umeme.

Kisa cha tatu ni cha Seoul, Korea ya Kusini, mwaka 2015. Mgonjwa mmoja wa homa ya MERS alikaa katika idara ya dharura yenye msongamano kuanzia tarehe 27 hadi 29 Mei. Watu 82 waliambukizwa kutokana naye. Kati yao wagonjwa wengine walikuwa 33, na watumishi wa afya 8 tu. Waliobaki, watu 41, walikuwa jamaa na wageni waliofika kuwatazama au kuwahudumia wagonjwa wao. Msomaji wa Afrika ya Mashariki hataishangaa hesabu hiyo, kwa sababu anajua ni nani anayeshinda na kukesha kando ya kitanda cha mgonjwa.

ISTILAHI NNE ZINAZOHITAJIWA

Kutokana na historia hiyo tunaona kwamba zipo istilahi nne ambazo mapokezi ya hospitali hayawezi kufanya kazi bila ya kuzielewa sawasawa.

(a) Upambanuzi. Kazi ya kwanza ya idara ya dharura ni kuamua nani atibiwe kwanza. Wafaransa waliiita triage, kutoka kitenzi chenye maana ya kuchagua na kugawa kwa mafungu. Daktari Larrey, mpasuaji wa majeshi ya Napoleon, ndiye anayesifiwa kwa kuweka kanuni kwamba aliyeumia zaidi atibiwe kwanza bila kujali cheo chake. Katika Kiswahili jambo hili husemwa kwa namna nyingi, na wengi hutumia neno la kigeni.

Lugha yetu ina vitenzi kadhaa vinavyokaribia maana hiyo. Kupepeta na kupembua ni kazi za ungo, lakini mwisho wake ni makapi, na hakuna mgonjwa ambaye ni makapi. Kuchambua kungefaa zaidi, kwani ndivyo watu wa Unguja na Pemba wanavyofanya kwa karafuu na vikonyo. Hata hivyo neno hilo sasa limejaa maana ya uhakiki wa maandishi na habari. Sisi tunapendekeza upambanuzi. Kupambanua ni kutofautisha kitu na kitu bila kukitupa kimojawapo. Daktari anaweza kusema, "Mgonjwa huyu amepambanuliwa kuwa mwekundu," na muuguzi akajua kwamba hapana kungoja.

Wakati wa mlipuko, lakini, upambanuzi huwa wa namna mbili, nazo hugongana. Upambanuzi wa uzito husema: aliye mahututi aingizwe ndani upesi. Upambanuzi wa maambukizi husema: anayeweza kuambukiza asiingizwe kati ya wengine. Mgonjwa mmoja aweza kuwa yote mawili. Kanuni iliyo salama ni kwamba swali la maambukizi liulizwe kwanza, kwa nusu dakika, mlangoni, ndipo uzito upimwe katika njia ambayo mgonjwa amekwisha kuelekezwa. Tukiwa na neno moja tu kwa mambo yote mawili, watumishi watalifanya moja na kudhani wamemaliza.

(b) Kutenga na karantini. Maneno haya mawili yalichanganywa sana katika magazeti na redio mwaka 2020. Karantini ina historia ya bandari. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, uliamuru waliotoka katika nchi za tauni wakae kando kwa siku 30. Baadaye miji mingine ya bahari ile, ikiwamo Venice, ilifanya siku 40, na neno likatokana na hesabu hiyo ya arobaini kwa Kitaliano. Kwa watu wa Unguja neno hili si geni, kwani kisiwa cha Changuu kilitumiwa kuwa mahali pa karantini ya wasafiri wa vyombo.

Anayewekwa karantini, basi, ni mtu mzima wa afya ambaye amekutana na maradhi. Anayetengwa ni mgonjwa. Kuwachanganya katika chumba kimoja kwa sababu ya kuchanganya maneno ni kumwambukiza mwenye afya kwa amri ya hospitali.

Kuhusu kutenga kuna tatizo jingine. Katika maisha ya kijiji na ya dini, kumtenga mtu ni adhabu. Aliyetengwa hazikwi na wenzake wala harusi yake haihudhuriwi. Wagonjwa wa ukoma wanalijua neno hilo kwa uchungu. Mgonjwa anayeambiwa ghafla, "Tunakutenga," huweza kutoroka usiku, na ndugu zake wakamsaidia. Hatudhani kwamba kubuni neno jipya kutaiondoa hofu hiyo. Tunashauri kwamba katika mazungumzo na mgonjwa isemwe kwamba atawekwa katika chumba cha peke yake, na ielezwe ni kwa muda gani na nani ataruhusiwa kumwona. Neno kutenga libaki katika maandishi ya kazi.

(c) Mhisiwa. Mtu ambaye ana dalili lakini maabara haijathibitisha ameitwa na wengi mshukiwa. Neno hili lina makazi yake ya siku nyingi katika kituo cha polisi. Mshukiwa ni wa wizi au wa mauaji, naye hukamatwa. Kumwita mgonjwa kwa jina hilo ni kumwomba akimbie. Katika taarifa za serikali ya Tanzania juu ya homa ya Marburg iliyozuka mkoani Kagera mwaka 2023, na tena mwaka 2025, neno mhisiwa limetumika. Tunaliunga mkono. Linatokana na kuhisi, nako kuhisi si kutuhumu. Katika mlipuko wa 2023 watumishi wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa, na katika ule wa 2025 wagonjwa wote 10 waliohesabiwa, waliothibitishwa na wasiothibitishwa, walifariki. Katika ugonjwa wa namna hiyo kila mhisiwa anayefika hospitalini mapema badala ya kujificha ni faida kwa kijiji kizima.

(d) Muuguzaji. Mipango mingi iliyotafsiriwa kutoka lugha za kigeni humtaja mgeni wa mgonjwa, na kuamuru kwamba wageni wazuiwe. Sisi tuna kitenzi ambacho lugha hizo hazina kwa neno moja. Kuuguza ni kukaa na mgonjwa wako, kumlisha, kumwosha na kumgeuza. Muuguzi ni mtumishi aliyesomea kazi hiyo, na muuguzaji ni ndugu anayeifanya kwa wajibu wa damu. Muuguzaji akizuiwa pasipo mtu wa kuifanya kazi yake, mgonjwa atakosa hata maji ya kunywa, na kwa hiyo amri itavunjwa. Mpango mzuri wa dharura humtambua kwa jina lake, humhesabu, humruhusu mmoja badala ya watano, humpa barakoa na kumfundisha kunawa. Wale watu 41 wa Seoul wanatukumbusha gharama ya kumwacha nje ya hesabu.

HITIMISHO

Ipo akiba ambayo lugha yetu imekwisha kuionyesha. Barakoa lilikuwa jina la kifuniko cha uso cha wanawake wa mwambao, nalo lilikuwamo katika kamusi zetu miaka mingi kabla ya korona. Lilipohitajiwa mwaka 2020, lilichukuliwa likiwa zima, na baada ya miezi michache mtoto wa shule na mchuuzi wa sokoni walikuwa wakilitumia bila kuelezwa. Kinyume chake, mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, lakini jina UVIKO-19 lilikuja kuenea katika maandishi ya serikali mwaka 2021. Katika mfano wa kwanza neno liliungojea ugonjwa. Katika wa pili ugonjwa ulilingojea neno.

Kwa sababu hiyo tunatoa mapendekezo matatu. Kwanza, wanaotunga istilahi za tiba wasikae na madaktari peke yao. Wakae pia na makarani wa mapokezi, walinzi, wapishi na wauguzaji, na kila istilahi ijaribiwe kwa mgonjwa kabla ya kuchapishwa. Pili, kila idara ya dharura iwe na kadi moja ya maswali kwa Kiswahili chepesi, isiyozidi maswali matano: una homa, umesafiri wapi, nani mwingine anaumwa nyumbani, je, umefiwa hivi karibuni, umemgusa au kumwosha maiti. Palipo na lugha nyingine ya wenyeji, majina yao ya dalili yaandikwe kando ya yale ya Kiswahili. Tatu, hospitali inapofanya mazoezi ya kujiandaa, maneno nayo yafanyiwe mazoezi. Mlinzi aulizwe tofauti ya karantini na kutenga kama vile muuguzi anavyoulizwa namna ya kuvaa glavu.

Hatudai kwamba istilahi zilizotajwa hapa ndizo za mwisho. Tunawaomba wasomaji, hasa wale wanaofanya kazi katika hospitali za wilaya na vituo vya afya, watuletee maneno wanayoyasikia kila siku kutoka kwa wagonjwa wao, pamoja na maana zake na mahali yanapotumika. Ni afadhali tuyajadili sasa, wakati benchi la mapokezi halijajaa.